Pareto na diatomaiti, utupa na majivu, au dawa ya dukani: ulinganisho kwa mwenye nafaka Nyanda za Juu Kusini

Mahindi yanayopukuchuliwa Mbozi, Mufindi au Wanging'ombe mwezi Julai huingia ghalani wakati wa baridi na ukavu, na katika miezi hiyo ya mwanzo karibu kila dawa huonekana inafanya kazi, ikiwemo ile isiyofanya kazi kabisa. Kipimo cha kweli huanza Desemba, mvua zinapokolea, hewa inapobeba unyevu na joto linapopanda, kwa kuwa hapo ndipo mwenye akiba hufungua gunia na kujua alichokihifadhi. Ulinganisho huu unamhusu mtu anayesimama mbele ya mavuno yake na kujiuliza kama achanganye dawa ya mmea (pareto, utupa au mwarobaini) na dawa ya madini (majivu, au diatomaiti, yaani unga wa magamba ya mwani wa kale), atumie mojawapo peke yake, au anunue dawa ya unga ya kiwandani kama majirani. Msimamo wangu nauweka mapema: mchanganyiko unaostahili jasho lake ni ule ambao mmea unaua haraka na madini yanadumu, na vyote viwili vimewekwa vikiwa vikavu. Michanganyiko mingine mingi inayosifiwa vijijini ama haiongezi kitu, ama sehemu yake moja inaidhoofisha nyingine.

Wadudu wanaolengwa

Fukusi wa mahindi ndiye mwenyeji wa maghala ya nyanda za juu. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani na kuliziba tundu, kwa hiyo buu hulelewa ndani ya punje mahali ambapo unga wowote wa kupaka haufiki. Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 kizazi kimoja hukamilika kwa takribani siku 35, lakini katika ubaridi wa Makete au Njombe mjini muda huo hurefuka sana. Mkulima wa huko hupata ahueni ambayo mwenzake wa Usangu hana, ingawa wakati mwingine huisifia dawa yake kwa kazi iliyofanywa na hali ya hewa.

Dumuzi, ambaye wengi bado wanamwita Skania, ni jambo jingine. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa nchini alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kusambaa. Huyu huchimba hadi mbao na muhogo mkavu, hupenda zaidi mahindi yaliyo kwenye magunzi kuliko yaliyopukuchuliwa, na huacha unga mwingi kuliko fukusi. Jambo la kuzingatia katika uchaguzi ni kwamba dumuzi huvumilia unga wa madini vizuri kuliko fukusi, na huvumilia pia dawa za kiwandani za kundi la fosforasi ogani, lakini hudhurika kwa pirethrini, yaani sumu ya asili iliyo kwenye maua ya pareto, na kwa pirethroidi, yaani dawa za kiwandani zilizotengenezwa kwa kuiga pareto. Kwa mwenye dumuzi ghalani, majivu au diatomaiti peke yake si kinga ya kutegemea.

Kwenye maharage yuko fukusi wa maharage, na tabia yake inamsaidia mkulima. Aina inayopatikana zaidi katika maeneo ya baridi hutaga mayai yakiwa huru katikati ya punje bila kuyagandisha, na kiluwiluwi akianguliwa hulazimika kutembea kutafuta pa kutoboa. Mdudu anayelazimika kutembea juu ya unga anakufa kirahisi zaidi kuliko aliyezaliwa ndani ya chakula chake, na ndiyo maana dawa inayoshindwa kwenye mahindi inaweza kufaulu vizuri kwenye maharage.

Jinsi kila upande unavyoua

Diatomaiti ni mabaki ya mwani wadogo sana wa majini wenye magamba ya silika, waliorundikana chini ya maziwa ya kale. Kwa jirani zetu Kenya huchimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil, kwenye Bonde la Ufa. Mdudu hana ngozi ya kuhifadhi maji kama yetu. Anachotegemea ni tabaka jembamba la nta juu ya gamba lake. Chembe za diatomaiti hufyonza nta hiyo na kulikwaruza gamba, kisha mdudu hupoteza maji hadi akauke. Hakuna sumu inayoingia tumboni. Kwa sababu hiyo dawa hii haiozi wala haipotezi nguvu kwa kukaa, mradi imebaki kavu, lakini kwa sababu hiyohiyo huua polepole, na fukusi anaweza kuendelea kutaga kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Unyevu ni adui yake mkubwa: hewa ikiwa na maji mengi mdudu hakauki, na unga ukilowa hufyonza maji badala ya nta.

Majivu ya kuni hufanya kazi kwa sehemu tu kwa njia hiyo. Zaidi huziba nafasi kati ya punje na kumzuia mdudu asitembee na asikutane na mwenzake, ndiyo maana huhitajika kwa wingi wa kutisha, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya majivu kwa sehemu tano za nafaka. Majivu ya pumba za mpunga ni bora kuliko ya kuni kwa kuwa yana silika nyingi, na mashine za kukoboa mpunga za Mbarali huacha milima ya pumba ambazo kila mwaka huchomwa bila kazi.

Upande wa mimea, pareto hushambulia mishipa ya fahamu na kumwangusha mdudu katika muda mfupi, ila pirethrini huharibika haraka kwenye mwanga na joto. Utupa una rotenoni na ndugu zake, hasa degwelini, ambazo huzuia seli zisitumie hewa. Mwarobaini hauui haraka. Azadiraktini iliyo ndani yake humfanya mdudu akatae kula na huvuruga ukuaji wa watoto wake. Kwa hiyo anayefungua gunia lenye mwarobaini baada ya wiki moja na kuona fukusi wanatembea hana haki bado ya kusema dawa imeshindwa, kama ambavyo aliyeona fukusi wa pareto wamelala chali siku ya pili hana haki ya kusema ameshinda, maana waliolala chali wengine huzinduka.

Pareto pamoja na diatomaiti

Katika michanganyiko yote huu ndio naouweka mbele, na sababu yake inaihusu nyanda za juu kuliko mahali pengine nchini. Pirethrini zina tabia ya kuwa kali zaidi katika ubaridi kuliko katika joto. Diatomaiti kwa kawaida ni kinyume, kwa kuwa mdudu mwenye joto hutembea zaidi, hujipaka unga mwingi zaidi na hupoteza maji haraka zaidi. Mwezi Julai na Agosti, usiku wa Uporoto au Mufindi unapokaribia baridi ya kuganda na diatomaiti ikiwa inafanya kazi kivivu, pareto ndiyo inayobeba mzigo. Kufikia Oktoba na Novemba pareto imeanza kuchoka, jua limekuwa kali, hewa bado ni kavu, na hapo diatomaiti iko katika nguvu zake zote. Kuna msaada mwingine: mdudu aliyeguswa na pirethrini huhangaika na kugaragara kabla ya kuanguka, na kugaragara huko humpaka unga mwingi. Hata yule ambaye angezinduka huzinduka akiwa amepoteza nta.

Wazo hili limekwisha kufanyiwa kazi viwandani. Huko Ulaya ipo bidhaa iitwayo PyriSec, ambayo ni diatomaiti iliyotiwa pirethrini asilia kwa kiasi cha asilimia 1.2 pamoja na piperonili butoksaidi asilimia 3.1. Kazi ya hii ya pili ni kuzuia vimeng'enya ambavyo mdudu huvitumia kuisambaratisha sumu mwilini mwake, na bila yake pareto hupoteza sehemu kubwa ya makali. Hesabu ndogo inaonyesha umbali kati ya bidhaa hiyo na mchanganyiko wa nyumbani. Maua makavu ya pareto yenye ubora wa kawaida huwa na pirethrini kati ya asilimia 1 na 2. Gramu 100 za PyriSec zina gramu 1.2 za pirethrini. Kuzipata kutoka kwenye maua yenye asilimia 1.5 mkulima anahitaji gramu 80 za maua yaliyosagwa, nazo pirethrini zake zimefungwa ndani ya tishu za ua badala ya kukaa juu ya chembe, na hazina msaidizi. Kwa hiyo asitarajie nguvu ileile.

Kuna pia makosa ya ununuzi. Makapi yanayobaki baada ya maua kukamuliwa kiwandani, ambayo wengine huyatamani kwa kuwa Mafinga kuna kiwanda cha pareto, yamekwisha kuondolewa karibu pirethrini zote. Yanaweza kuwa na harufu, lakini harufu haiui. Maua yaliyoanikwa juani kwa siku nyingi kwenye kichanja kisha yakakaa msimu mzima kwenye kiroba kinachopitisha mwanga yako karibu na hali hiyohiyo.

Kipimo cha diatomaiti kilichozoeleka ni kati ya gramu 100 na 250 kwa kilo 100 za nafaka, na kwenye tishio la dumuzi ni upande wa juu wa kipimo hicho. Gunia zima humwagwa kwenye turubai, unga hunyunyizwa kwa tabaka, kisha hugeuzwa kwa koleo la mbao kutoka nje kuja katikati angalau mara tatu. Uthibitisho uko mkononi: ukichota konzi ya mahindi na kuyarudisha, kiganja kibaki na ukungu mweupe usiokatika, na punje zenyewe zipoteze mng'ao. Punje zinazong'aa hapa na madoa ya unga pale maana yake kazi haijaisha. Kuhusu pareto, ushauri wangu ni kwamba maua ya kusaga nyumbani yatumike kwenye mbegu za kupanda tu, na kwa nafaka ya kula itumike bidhaa ya mtengenezaji aliyesajiliwa kwa kipimo cha lebo, kwa kuwa masoko huweka ukomo mdogo wa mabaki ya pirethrini kwenye nafaka na mkulima hana mizani ya kupima alichokitia.

Utupa pamoja na majivu

Faida kubwa ya mchanganyiko huu ni kwamba hauhitaji duka. Utupa hustawi kwenye miinuko yetu, wengi wameupanda kama ua au kama mti wa kurutubisha shamba, na majivu yako jikoni. Gharama yake ni mikono. Majani makavu yaliyosagwa huhitajika kwa kilo, si kwa gramu. Mwenye magunia kumi ya mahindi atavuna mizigo ya majani mabichi, atayakausha kivulini ili jua lisiiharibu sumu, atayatwanga na kuyachekecha hadi yawe laini, halafu bado hajagusa majivu. Kwa mahindi ya magunia kumi sioni kama kazi hiyo inalipa. Kwa debe mbili za mbegu ya maharage inalipa, na ndipo mahali pake hasa.

Kasoro moja inaeleza kwa nini jirani mmoja huapa kwa utupa na mwingine huucheka. Ziko aina mbili za mmea huu ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Moja ina degwelini ya kutosha na nyingine haina kabisa. Aliyepata mbegu ya aina isiyo na sumu atatwanga msimu mzima na mafanikio yake yote yatatokana na majivu. Kwa hiyo mbegu ya utupa itafutwe kwa mtu ambaye maharage yake yalionekana salama mwezi Februari, na si kwa mtu mwenye ua zuri.

Majivu hapa hupitishwa kwenye chekeche laini, na ya pumba za mpunga yakipatikana yapewe nafasi ya kwanza. Yawe yamepoa kabisa na hayajawahi kulowa. Majivu na utupa havipingani, kwa kuwa vyote ni vikavu na utupa hautoi mafuta mengi. Hata hivyo tusiuite mchanganyiko huu kuwa hauna madhara eti kwa sababu ni wa asili. Rotenoni ni sumu halisi, ndiyo iliyowaua samaki mitoni tangu zamani, na uchunguzi wa kitaalamu umeihusisha na maradhi ya mishipa ya fahamu kwa watu waliokumbana nayo kwa muda mrefu. Naiweka kwenye mbegu, siiweki kwenye chakula, na maji ya kuoshea vyombo vyake yasielekezwe kwenye bwawa la samaki wala kijito.

Mwarobaini, mafuta, na vitu visivyopatana

Mwarobaini si mti wa baridi. Hupatikana mabondeni, Pawaga na Usangu kwa mfano, na anayeusafirisha kwenda Njombe hubeba majani ambayo ni dhaifu kuliko mbegu zake. Ungekuwa mchango mzuri kwa diatomaiti kwa kuwa mmoja hupunguza uzazi na mwingine huua wakubwa, lakini nguvu ya mwarobaini iko kwenye mbegu, na mbegu hizo zina mafuta. Hapo ndipo michanganyiko mingi huharibika bila mwenyewe kujua. Diatomaiti huua kwa kufyonza mafuta na nta. Ukiipa mafuta ya mwarobaini, ya alizeti au ya kitu kingine chochote, itafyonza hayo na kushiba kabla mdudu hajafika. Mtu ametumia dawa mbili nzuri na kupata moja mbovu.

Mafuta ya kupikia peke yake yana kazi yake. Kwenye maharage, takribani mililita 5 kwa kilo, zikichanganywa hadi kila punje ing'ae, huziba pumzi ya mayai na kuwakwamisha viluwiluwi. Anayechagua mafuta achague mafuta, anayechagua unga achague unga. Majani ya kivumbasi au mkaratusi yaliyowekwa kwa tabaka husaidia kufukuza kwa wiki chache, lakini kumfukuza mdudu asikanyage unga uliomtegea si msaada, na kwenye mahindi ya kukaa miezi minane siyahesabu.

Chokaa huulizwa sana Mbeya kwa sababu mawe yake yako karibu, bonde la Songwe. Chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa huunguza ngozi na macho na haifai kabisa. Iliyozimwa ni dhaifu kuliko diatomaiti, na hali yake ya ualkali si rafiki kwa pirethrini, ambazo huvunjika katika mazingira hayo. Kuichanganya na pareto ni kulipa ili kuiharibu pareto.

Dawa ya dukani na mfuko usiopitisha hewa

Actellic Super, iliyojulikana kwa muda mrefu, yenyewe ni mchanganyiko: ina pirimifosi-methili, ya kundi la fosforasi ogani, asilimia 1.6 kwa ajili ya fukusi na permethrini asilimia 0.3 kwa ajili ya dumuzi. Imeundwa hivyo kwa sababu ileile niliyoitaja, kwamba kila mdudu kati ya hao wawili huvumilia kile kinachomuua mwenzake. Gramu 100 hutosha gunia la kilo 90 hadi 100, kazi ni ya dakika chache, na kwa dumuzi inauzidi mchanganyiko wowote wa nyumbani ninaoufahamu. Udhaifu wake uko kwenye mabaki ya kemikali, kwenye bidhaa bandia na zilizopita muda, na kwa watu wanaoitia mara mbili kwa kutoamini mara ya kwanza. Usajili wa viuatilifu nchini uko chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kifungashio kisicho na namba ya usajili, tarehe na maelekezo ya Kiswahili kirudishwe dukani. Sheria ya viuatilifu inamkataza mkulima kuuza mchanganyiko wake mwenyewe kama dawa.

Mifuko ya PICS, inayofahamika pia kama ya kinga njaa, huua kwa kuwanyima wadudu hewa na haiachi kitu kwenye chakula. Kwa familia yenye magunia machache ya kula na uwezo wa kuyafunga mara moja na kutoyafungua kila wiki, naona mfuko huu unaushinda mchanganyiko wowote hapo juu. Ukishakuwa na mfuko mzima usiotoboka hakuna haja ya kuongeza unga ndani. Panya na dumuzi huweza kuutoboa, hivyo usiegemezwe ukutani wala kwenye nguzo za mbao zilizoliwa.

Kujua kama viwili vinasaidiana

Watu hulinganisha mchanganyiko na nafaka isiyotiwa kitu, wakaona tofauti, wakaridhika. Ulinganisho huo haujibu swali, kwa sababu huenda sehemu moja ndiyo inayofanya kazi yote. Njia sahihi ni ndoo nne za mahindi ya shamba moja yaliyokauka sawasawa: ya kwanza haina kitu, ya pili ina mmea tu, ya tatu madini tu, ya nne vyote viwili. Kila mwezi chota punje 100 bila kuchagua kutoka katikati ya kila ndoo na uhesabu zilizotobolewa.

Hesabu ya kuamua ni hii. Tuseme mmea peke yake ungeua wadudu 40 kati ya 100, na madini peke yake yangeua 50. Vikifanya kazi kila kimoja kivyake, mmea unaua 40 na kubakiza 60, kisha madini yanaua nusu ya hao 60, yaani 30, na jumla ni 70. Mchanganyiko ukiua zaidi ya 70, vinasaidiana. Ukiua karibu na 70, unapata haki yako tu. Ukiua chini ya 70, kimoja kinamzuia mwenzake. Ukiua 50 au pungufu, umepoteza mmea wote bure. Kwa mashimo ya punje hesabu haiwi nadhifu kiasi hicho, ila kanuni ni ileile: ndoo ya nne lazima iizidi kwa uwazi ndoo iliyo bora kati ya ya pili na ya tatu, la sivyo kuchanganya hakuna maana.

Nani achague nini

Kabla ya chochote, ukavu. Chukua chupa ya soda iliyokauka, weka mahindi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa dakika moja na uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayapaswi kuingia ghalani. Isiponata yako chini ya hapo, lakini diatomaiti inataka takribani asilimia 13, kwa hiyo yaanike tena siku moja au mbili zenye jua. Hakuna unga wala jani katika ulinganisho huu linalozuia ukungu. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haihusiani na fukusi peke yao, na mahindi mabichi yaliyofungwa vizuri ni hatari zaidi kuliko yaliyotobolewa.

Ismani, Pawaga na Usangu, ambako ni kukavu na kuna joto, diatomaiti peke yake hufanya kazi nzuri dhidi ya fukusi na pareto huongeza kidogo. Fedha ya pareto itumike kununua diatomaiti ya kutosha. Mufindi, Njombe, Makete na vilima vya Mbeya, pareto pamoja na diatomaiti ndio mchanganyiko wenye sababu, kwa mahindi yanayokusudiwa kufika Februari au Machi. Kyela mambo hubadilika, kwa kuwa mvua zake ni miongoni mwa nyingi zaidi nchini na hewa haikauki vya kutosha. Huko nisingeitegemea diatomaiti wala majivu kwa mpunga au mahindi ya kukaa muda mrefu, ningekwenda moja kwa moja kwenye mfuko usiopitisha hewa. Aliyekwisha kuona unga wa dumuzi chini ya gunia, popote alipo, apukuchue mahindi yote, asafishe kihenge hadi kwenye nyufa, kisha atumie dawa ya kiwandani yenye pirethroidi au mfuko huo. Kwa mbegu za maharage, itumike utupa na majivu.

Diatomaiti inunuliwe ile inayoruhusiwa kwenye chakula au chakula cha mifugo. Iliyochomwa kwa ajili ya kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea ina silika ya fuwele inayoharibu mapafu, na isiguse nafaka. Hata iliyo salama ni vumbi, kwa hiyo aliye kwenye turubai afunge pua kwa barakoa na asimame upande unaotoka upepo. Kabla ya kusaga, mahindi yapepetwe kwa ungo na kuoshwa, maana wenye mashine wana haki ya kulalamika kuhusu unga unaokwaruza vinu vyao.

Imebaki habari ya soko. Diatomaiti hufanya punje zisiteleze vizuri, hivyo ujazo uleule wa debe huwa na uzito pungufu, na rangi yake ya kufifia huwapa wanunuzi wa Makambako au Tunduma sababu ya kushusha bei. Mahindi ambayo mtu anajua atayauza Agosti au Septemba, iwe kwa mfanyabiashara au kwa kituo cha NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, hayahitaji mchanganyiko wowote kati ya hii. Ayakaushe, ayachekeche na kuyapeleka yakiwa safi, na unga autumie kwenye magunia yanayobaki nyumbani.